Kusogeza Siku za Kununua Hisa: Ni kwa Faida ya Nani?

Ukisimama Makambako, barabara kuu ya Zambia inapopishana na ile iendayo Njombe na Songea, utayaona malori ya saruji ya Tembo yakitoka Songwe, Mbeya. Mwaka 2023 kampuni ya Kitanzania ya Amsons ilinunua asilimia 65 ya kiwanda hicho kutoka kwa Holcim ya Uswisi. Mwaka uliofuata ilivuka mpaka na kuitaka Bamburi ya Kenya. Biashara hiyo ina funzo kwa kila mwenye hisa, hata awe nazo kumi tu.

Julai 2024 Amsons ilitangaza kununua kila hisa ya Bamburi kwa shilingi 65 za Kenya. Holcim, mwenye asilimia 58.6, aliahidi mapema kuuza zake. Waliobaki kuamua ni wenye hisa wadogo. Agosti ikajitokeza Savannah Clinker na shilingi 70, kisha ikapanda hadi 76.55. Lakini kabla ya mwisho ikajiondoa. Ofa ya Amsons ilipofungwa Desemba 5, 2024, ilikuwa imepata zaidi ya asilimia 96 ya hisa. Aliyeingojea 76.55 aliikuta 65.

Ndipo tunapouliza: siku zikiongezwa, zinaongezwa kwa ajili ya nani? Katika mikataba ya kuunganisha kampuni, mnunuzi husogeza mbele siku ya mwisho kwa sababu zinazojulikana: kibali cha serikali hakijatoka, hisa alizopata hazijafikia kiwango alichokitaja, au bei imebadilika. Sababu hii ya mwisho imewekewa sheria kwa wenzetu. Marekani, ofa hukaa wazi siku za kazi zisizopungua 20, na bei ikibadilika ni lazima zibaki siku 10 za kazi. Uingereza ni siku 21, na ofa ikirekebishwa, siku 14. Maana yake ni kwamba muda ni haki ya muuzaji apate kufikiri, wala si hisani ya mnunuzi.

Fikra hiyo si ngeni kwetu. Fiqhi inaijua khiyari ya sharti, yaani muda wanaoafikiana wauzianaji ili mtu aweze kurudi nyuma. Na madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, hayauachi uzidi siku tatu. Busara yake ina pande mbili: mtu asiharakishwe, wala asiachwe akining'inia bila mwisho. Ridhaa ya aliyechoshwa kwa kungojeshwa ina walakini.

Watu wa Njombe wanaijua thamani ya kuulizwa. Januari 4, 2018, Benki Kuu ilipofuta leseni ya Benki ya Wananchi Njombe kwa upungufu wa mtaji, mwanahisa hakuwa na siku ya kuchagua. Anayeletewa ofa anayo. Basi asiipoteze.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Siku zikisogezwa, sababu itangazwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Bei ikipanda, aliyekubali mwanzo alipwe sawa na aliyekubali mwisho. Na sharti likiwa halijatimia, aliyekwisha kukubali awe huru kurudisha hisa zake mkononi. Wakubwa huafikiana kwanza. Mdogo asiwe wa mwisho kuambiwa.