Pasipoti ya betri: mawe ni yetu, kumbukumbu ni ya nani?

Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, kila betri ya gari la umeme itakayouzishwa katika Umoja wa Ulaya itapaswa kuwa na pasipoti. Haiko pasipoti ya karatasi kama ile tunayopigia foleni hapa kwetu. Ni alama ya QR inayobandikwa juu ya betri. Unaipiga na simu, inakuonyesha ni nani aliyetengeneza betri, ilitengenezewa wapi, ilitoa moshi kiasi gani mpaka kufika hapo, na wenye kiwanda walifanya nini ili kujua kama madini ya ndani yalipatikana kwa njia safi. Kobalti ni moja ya madini hayo. Na karibu robo tatu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, kule Lualaba na Haut-Katanga.

Kinshasa wanaongea sana juu ya bei. Mwezi wa pili 2025 serkali ilisimamisha kobalti kutoka inchini, kisha mwezi wa kumi ikaleta kota. Ni vizuri, bei ni jambo la kweli. Lakini juu ya ile pasipoti, mimi sijasikia mjadala mukubwa hata mumoja. Tunaichukua kama mambo ya wazungu na mashini zao. Ni kosa ambalo sisi wa Kivu tulilipa tayari mara moja, na nitaonyesha namna gani.

Kwanza tuelewe ile habari inatoka wapi. Viwanda vikubwa vinatumia aina ya programu inayofuata kitu tangu siku kinachorwa mpaka siku kinatupwa. Moyo wake ni orodha: kila kipande, kila waya, kila gramu ya bati, nani alikileta, tarehe gani, na nani alibadilisha mchoro jana saa kumi. Mutu akisikia hivi anaona ni mambo ya juu sana, lakini shida yenyewe ni ya kila fundi. Tuseme mama mumoja wa Kadutu anatengeneza sabuni na mawese. Leo anapunguza soda kidogo kwa sababu sabuni ilikuwa inachoma mikono. Binti yake, anayepika siku ya pili, hakuambiwa. Anafuata kipimo cha zamani. Kisha wiki mbili muteja anarudi na mikono imetoka ngozi. Sabuni gani? Ya siku gani? Iliuzishwa wapi ingine? Hakuna anayejua, sababu hakuna fasi moja ambapo kipimo cha kweli kimeandikwa.

Airbus, pamoja na wahandisi wake wote, ilianguka ndani ya shimo lile lile. Mwaka wa 2006 ilitangaza kwamba ndege yake kubwa A380 itachelewa sana. Ndani ya ndege moja kulikuwa zaidi ya kilomita 500 za waya. Mafundi wa Hamburg, Ujerumani, walikuwa wanachora na toleo moja la programu CATIA, wale wa Toulouse, Ufaransa, na toleo lingine jipya. Waya zilipofika kufungwa ndani ya ndege, zilikuwa fupi, hazikuenea. Ndege ya kwanza iliingia mikononi mwa Singapore Airlines mwezi wa kumi 2007 tu, na kampuni ilipoteza miliare za euro. Kila upande ulikuwa na kumbukumbu nzuri. Ila hazikuwa kumbukumbu moja.

Ndiyo sababu leo viwanda vingi vinahamisha orodha hiyo kwenye kile kinachoitwa wingu, ni kusema mashini za kampuni fulani, mbali, ambazo wote wanafikia kwa intaneti na kulipa kila mwezi. Kampuni Arena ya California ilianza mapema, mwaka wa 2000, na jina lake la kwanza lilikuwa bom.com, herufi tatu zenye maana ya orodha ya vipande kwa Kiingereza. Baadaye kampuni kubwa PTC iliinunua. Siemens wako na yao, Dassault Systèmes wa Ufaransa wako na yao. Musimamizi wa kiwanda, mwenye kuchora na mwenye kuleta vipande kutoka China wanafungua ukurasa mumoja na wanaona namba moja.

Sasa turudi kwetu. Mwezi wa saba 2010, Marekani ilitia sahihi sheria ambayo sisi huku tuliiita "sheria ya Obama". Kipengele chake cha 1502 kiliomba kampuni zenye kuuza hisa huko ziseme kama bati, coltan, wolfram ao dhahabu iliyo ndani ya vitu vyao inatoka Kongo ao inchi jirani, na kama inalisha vita. Ni swali la haki kabisa. Lakini ili kujibu, kiwanda cha simu kilipaswa kujua kila kipande kina nini ndani, na nani alimuuzia yule aliyemuuzia yule mwingine. Wengi hawakuwa na orodha ya kufika mpaka huko chini. Kujibu "sijui" kuliwatia haya mbele ya wanunuzi, kwa hiyo wakachagua njia nyepesi: kuacha kununua Kongo. Mwezi wa tisa 2010 Rais Kabila naye akafunga uchimbaji wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Mutu aliyekuwa Nyabibwe, Numbi ao Walikale wakati ule hana haja ya kuelezwa. Watoto walitoka masomoni. Ndege ndogo zilizokuwa zinaleta chumvi na sabuni porini hazikurudi tena, kwa kuwa hakukuwa tena muzigo wa kurudisha.

Kwa hiyo mutu asiniambie kwamba orodha ya vipande ya kiwanda cha Amerika ama Ulaya haimuhusu muchimbaji wa Shabunda. Ilimuhusu zaidi kuliko mukubwa wa kiwanda.

Kisha zikaja etiketi. Mufuko unafungwa kule shimoni, unapewa namba, negosian anaandika, kontwari inaandika, na namba inapanda mpaka kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini. Angalia vizuri njia ile: habari inapanda tu, haishuki. Muchimbaji hajui mufuko wake ulifika wapi wala uliuzishwa bei gani mbele. Chama chake cha ushirika hakina hata kopi. Mashirika yamesema mara nyingi kwamba etiketi zenyewe zinauzishwa pembeni na kubandikwa kwa mawe ya fasi ingine. Na mwisho wa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba coltan ya Rubaya, iliyokuwa mikononi mwa M23, ilivushwa mpaka Rwanda na kuchanganywa na ile ya huko. Programu haina macho. Inaamini kile ilichoandikiwa. Ukiiandikia uongo kule chini, itaubeba uongo huo vizuri kabisa, bila kosa la hesabu, mpaka Berlin.

Hapo ndipo naona nguvu yetu. Mutu pekee anayeweza kusema "hapana, mufuko huu haukutoka kwetu" ni yule aliye shimoni, chama chake, na wakaguzi wa serkali walio karibu. Lakini hao hawana mulango wa kuingia ndani ya ile kumbukumbu. Hata kwenye pasipoti ya betri, sheria ya Ulaya imegawanya habari: zingine kila mutu ataziona, zingine ni za wenye sababu ya haki, zingine ni za mamlaka. Mamlaka yanayotajwa ni ya Ulaya. Inchi iliyotoa jiwe haikupewa kiti.

Kahawa na kakao zinafuata njia ile ile. Sheria ya Ulaya juu ya pori inaomba alama ya GPS ya kila shamba, ili kuonyesha kwamba miti haikukatwa kisha tarehe 31 Desemba 2020. Imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini haijafutwa. Mulimaji wa kakao wa Beni ao wa kahawa wa Kalehe atakuja kupimiwa shamba lake na mutu wa kampuni. Ile ramani itakaa wapi? Muuzaji mwingine akikuja mwaka ujao na bei nzuri, je, mulimaji ataweza kumupa ramani yake, ao itabidi aanze upya sababu ya kwanza iko ndani ya wingu la muuzaji wa zamani? Hapo kumbukumbu inageuka kamba shingoni.

Najua jibu litakalokuja: hatuna umeme, mega ni bei kali, na wingu lenyewe linaanguka. Ni kweli. Mwezi wa nane 2023 maporomoko chini ya bahari, kwenye bonde la muto Kongo, yalikata kebo mbili kubwa za intaneti, WACS na SAT-3. Tangu mwisho wa Desemba 2018, kisha uchaguzi, serkali yenyewe ilikata intaneti karibu siku ishirini. Lakini hiyo ni sababu ya kuomba kopi inayokaa hapa, haiko sababu ya kuacha wengine waandike peke yao.

Kopi ndiyo ombi langu la kwanza, na ni ombi la bei ndogo. Inchi iko na sheria ya mambo ya dijitali tangu Machi 2023. Iongezewe neno moja wazi: kila anayechukua habari ya shimo ao ya shamba la Mukongo aiache pia kwa chama cha ushirika, kwa Kifaransa ao Kiswahili, kwa namna inayoweza kuhamishwa kwa muuzaji mwingine. Lubumbashi kuko kituo cha chuo kikuu cha utafiti wa betri, na Kongo na Zambia zilikubaliana kutengeneza betri pamoja. Kabla ya kuota kiwanda kizima, vijana wa huko wafundishwe kusoma na kuandika orodha hizi, kwa sababu kiwanda chochote kitakachokuja kitakuja na programu ya kwao na watu wa kwao wa kuishika.

Mafundi wetu wadogo, wa sabuni, wa juisi, wa viatu, wasingojee. Kwa wiki hii kaye moja inatosha: tarehe, kipimo, nani alibadilisha, namba juu ya kila karto. Yule atakayekuja kuwauzia programu ya wingu aulizwe mbele ya kulipa: siku nikishindwa kulipa, habari zangu natoka nazo namna gani?

Na wabunge wetu wa Kivu, Tanganyika na Lualaba wako na muda mufupi. Brussels itaendelea kuandika kanuni ndogo za nani ataona nini ndani ya pasipoti. Barua moja kutoka Kinshasa, yenye kuomba kiti, inaweza kuandikwa kwa mchana mumoja.