Taarab Irudi Sebuleni

Ni jambo la kusikitisha kwamba wanafunzi wetu wengi huyajua mashairi ya taarab kwa kuyasoma darasani tu, hali yalitungwa yaimbwe mbele ya watu. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, hakuimba katika majumba ya matajiri pekee. Nyumbani kwake Ng'ambo, Unguja, majirani walikusanyika jioni kumsikiliza. Wimbo wake "Kijiti" ulisimulia jinsi muuaji alivyotoroka na mashahidi wakafungwa. Hadhira ya namna ile haikuhitaji kufafanuliwa.

Sebuleni udi hauhitaji kipaza sauti. Neno husikika, na asiyelielewa huuliza papo hapo. Katika kumbi za leo vinanda vya umeme huyameza maneno, nasi twabaki kutikisa vichwa.

Twawahimiza walimu wa Kiswahili, hasa wa Mombasa na Lamu, wamwalike mpiga udi nyumbani mwao, wanafunzi 20 hivi wakae mkekani, na wazee wa mtaa wakaribishwe. Ila msanii alipwe. Kahawa na haluwa si ujira, wala asiambiwe kuwa amekuja "kuwasaidia watoto". Kila mgeni mzima atie fedha bakulini kabla ya wimbo wa kwanza.