Pensheni ya mzee wetu na Sukuk

Baada ya swala ya Ijumaa, mzee wetu mmoja mstaafu hapa Arusha aliniuliza kiinua mgongo chake kitamlisha mpaka lini. Hatifungani za Serikali amezikwepa kwa kuwa zina riba; shilingi milioni 40 ameziweka katika Sukuk ya Zanzibar ya mwaka 2025, itoayo asilimia 10.5 kwa miaka 7. Ni 350,000 kwa mwezi, naye huzila zote.

Atarudishiwa milioni 40 zile zile. Lakini bei zikipanda kwa asilimia 3 tu kila mwaka, atahitaji takriban milioni 49 kununua vya leo. Nikamshauri abakishe laki moja kila mwezi. Alinyamaza, maana analea mjukuu aliye kidato cha pili.

“Katibu, nitaanza na hamsini elfu,” akasema.