Sababu gani tunakataa dola yenye kupasuka?

Wandugu wa Beni na Butembo, na ninyi watu wa machimbo,

Wengi wanasema mnunuzi anaongozwa na bei. Ni nusu tu ya kweli. Mtazameni mama sokoni Butembo: anashika kitenge, anauliza bei, halafu anageuza shingo aone wenzake wananunua nini. Jicho la jirani ndilo linafungua mfuko.

Hata kwa feza yenyewe ni vile vile. Mchimbaji anatoka Manguredjipa, majuma mengi katika matope, na noti ya dola 20. Pembeni kuna mpasuko, hauzidi ukucha. Duka la kwanza wanaiinua kwenye mwanga, wanaikataa. La pili, vile vile. Mwisho anaipeleka kwa mwenye kubadilisha feza barabarani, naye anaichukua kwa kuipunguza. Jasho la mtu limeliwa na ukucha wa karatasi! Na jioni huyu huyu anapokea noti ya franka iliyochakaa, imeunganishwa kwa gundi, bila kusema neno.

Muulizeni mwenye duka kama noti ile ni ya uongo. Atajibu: ni ya kweli, lakini nani ataipokea kwangu? Yule anayemwogopa, naye anamwogopa mwingine. Marekani kwenyewe, noti iliyobaki zaidi ya nusu inapokelewa benki kwa thamani yake yote. Sisi tumekuwa wakali kuliko mwenye feza.

Woga huu una mizizi, tusiucheke. Desemba 1979 serikali ya Mobutu iliondoa ghafula noti za zaire 5 na 10, na akiba za watu wengi zikabaki karatasi. Januari 1993 wafanyabiashara walikataa noti ya zaire milioni 5. Oktoba mwaka ule ule, zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya moja. Aliyeungua hivyo anaitunza dola kama yai.

Lakini leo anayeshiba ni mwenye kubadilisha feza. Matajiri wa Butembo wanaoleta mali toka Dubai na Guangzhou ndio wanaotazamwa na wote. Watatu wao wakiandika mlangoni kwamba wanapokea noti yenye mpasuko mdogo, wenye maduka madogo watafuata kabla ya juma kwisha.

Hadi siku ile, ndugu mchimbaji, unapouza dhahabu yako, fungua noti moja moja mbele ya mnunuzi. Yenye mpasuko mrudishie pale pale, kabla hajafunga mzani wake.