Kaya Namba 31 Inasubiri Majibu

Makomredi, mwaka jana nilivuka mpaka wa Namanga nikiwa na begi moja, chupa 40 tupu za sampuli na hojaji niliyoisumbukia miezi mitatu. Nilikuwa naenda Sekei, kata ya Jiji la Arusha kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuuliza watu wanakunywa maji gani na yanawafanya nini watoto wao meno.

Mada hiyo sikuiokota njiani. Mimi ni mtoto wa Nakuru na meno yangu ni ya kahawia. Tangu shule ya msingi nimezoea kucheka nikiwa nimefunika mdomo. Floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano haiulizi pasipoti: Bonde la Ufa ni lile lile, na meno ni yale yale.

Siku ya kwanza Kiswahili changu kiliniaibisha. Nilimwambia mama mmoja, "Nipe maji nipime," na mwenyekiti wa mtaa aliyenisindikiza akakohoa. Baadaye alinieleza: huku unaanza na shikamoo, unauliza habari za nyumbani, ndipo unasema "naomba". Nilipotaja hojaji walitazamana; wao wanaiita dodoso. Lakini yule mama hakuweka kinyongo. Alinitazama mdomoni, akauliza, "Mwanangu, kumbe na wewe ni wa huku?" Baada ya hapo nikakaribishwa ndani.

Ana mjukuu wa miaka miwili. Akaniambia kwa fahari kwamba maji ya mtoto huyachemsha kila siku, na makande huyapika kwa magadi ili yaive haraka. Nilijua kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi ndiyo inazidi kukolea. Nilijua pia kwamba magadi yenyewe huwa na floraidi. Ila mpango wangu wa utafiti ulisema nisitoe ushauri wowote hadi data ikamilike. Nikanyamaza, nikaandika. Kwenye karatasi zangu akawa Kaya Namba 31.

Wakati wa kuaga aliniuliza, "Majibu utaleta lini? Maana wapo waliokuja kabla yako, wakachukua maji, hatukuwaona tena." Nikamwahidi. Akanipa namba yake ya simu: "Ukiyapata nibipu tu, nitakupigia mimi."

Majibu yalitoka wiki sita baadaye. Maji yake yalizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Nikaiingiza tarakimu hiyo kwenye jedwali, nikatetea tasnifu, nikapigiwa makofi. Hakuna mhadhiri aliyeniuliza kama Kaya Namba 31 wanajua. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa nimesahau.

Nilimpigia baada ya miezi minne. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Sasa mwanangu, muda wote huo mtoto alikuwa anakunywa nini?"

Sikuwa na jibu. Meno ya utu uzima hujijenga ndani ya taya katika miaka ya kwanza ya utotoni. Yakishaharibiwa na floraidi wakati huo, hakuna mswaki utakaoyarudisha. Kwa mtoto wa miaka miwili, miezi minne si kitu kidogo.

Wapo watakaosema kumpa mtu tarakimu bila suluhisho ni kumtia hofu bure. Suluhisho lipo. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, na huyu mama ana paa la bati. Chujio la mkaa wa mifupa linajulikana miaka mingi, kwetu Nakuru na pale Ngurdoto, karibu kabisa na Arusha. Kuacha magadi kwenye chakula cha mtoto hakugharimu hata shilingi. Yote haya ningeweza kuyasema kwa simu ya dakika tano.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyetudai simu hiyo. Kufanya utafiti wa afya Tanzania unahitaji kibali cha COSTECH na cheti cha maadili cha NIMR, na ni sawa kabisa. Ripoti inaenda kwenye taasisi na wizara, nakala inabaki maktaba ya chuo. Aliyetoa maji, muda na siri za jikoni kwake hayumo kwenye orodha.

Kwa hiyo napendekeza chama chetu kipeleke jambo moja kwenye seneti: tasnifu yoyote iliyochukua sampuli kwa watu isisahihishwe hadi mwanafunzi aonyeshe kwamba amerudisha majibu, kwa lugha wanayoielewa, kupitia njia waliyoichagua wenyewe. Nauli ya kurudi, au angalau pesa ya simu, iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kama tunavyoweka pesa ya chupa.

Na wewe unayefunga begi kwenda uwanjani muhula huu, usisubiri seneti. Kabla hujaondoka kwa mtu, andika namba yake ya simu, na pembeni yake andika tarehe utakayompigia.