Kutoka ao kubakia: uliza kwanza deni yako

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama wenye munangojea mushara ku nyumba,

Ku biro ya sendika, ulizo moja inarudia kila juma: «Kamarade, kampuni inakufa. Nitoke ao nibakie?» Mwenye kuuliza iko na miaka 15 ya kazi, ao 20, ao 25. Mushara inakuja nusu, ao haikuji. Dawa hakuna ku hopitali ya kampuni. Mashini moja inatoshewa vipande juu ya kutengeneza ingine. Na kazi yenye alikuwa anafanya, wameanza kuipatia kampuni ndogo za kukodisha watu.

Mimi sijibu «toka», wala sijibu «bakia». Ninauliza: kampuni iko na deni yako ya franka ngapi, na ile deni imeandikwa wapi? Wengi hawana hata karatasi moja. Pale njo kuko hatari, kutoka ao kubakia inafuata kisha.

Sisi wa Katanga tunajua hii mambo. Mu 1986, Gécamines ilitosha zaidi ya tani 470 000 za shaba. Mu Septemba 1990 mine ya Kamoto ikabomoka. Mu mwanzo ya miaka ya 2000, shaba yenye ilikuwa inatoka haikufika hata sehemu moja juu ya kumi ya ile ya zamani. Wazee walikuwa wanasema kampuni njo baba, njo mama. Lakini mu 2003 na 2004, kwa ile mupango ya «départs volontaires» na franka ya Banque mondiale, zaidi ya watu 10 000 walitoka. Jina ilikuwa kutoka kwa kupenda. Sasa mutu mwenye amepitisha miezi na miezi bila mushara, ukimuletea karatasi na franka, anapenda nini? Anasaini. Kisha, kundi yao ikaendelea miaka mingi kudai, wakisema hesabu haikuwa sawa. Kudai wakati umekwisha kutoka ni nguvu sana kuliko kudai wakati ungali ndani.

Tuone sheria, juu wengi wanaisikia paka ku midomo ya watu. Code du travail ya 2002 inasema hivi: kama kontra yako haina mwisho, na kampuni njo inakuachisha kazi, inapaswa kukupa preavisi ya siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka muzima wenye umetumika. Kwa mutu wa miaka 20, ile ni siku 154 za kazi, karibu miezi 6. Kama haitaki uzitumike, inazilipa. Lakini kama wewe njo unaandika mukanda ya kuacha kazi, mambo inageuka: wewe njo uko na deni ya preavisi kwa kampuni, nusu ya ile, siku 77.

Njo sababu wakubwa wamoja hawafukuzi mutu. Wanangojea achoke. Mutu mwenye amechoka anaandika mukanda yeye mwenyewe, na kampuni inapona.

Kuko na jambo ya pili. Mushara yenye haikulipwa, sheria inakupa mwaka 1 tu juu ya kuidai, kuanzia siku ilipaswa kulipwa. Madai mingi ingine ya kontra iko na miaka 3. Kwa kukata ile hesabu ya wakati, inaomba maandishi: mukanda ya kudai yenye umetoa mukono kwa mukono, na wakatia sinyatire na tarehe ku kopi yako, ao malalamiko ku Inspection du travail, ao hesabu ya deni yenye kampuni yenyewe imesaini. Mwenye kungojea na kunyamaza anafikiri ni uvumilivu. Hapana. Mwezi kwa mwezi, mushara yake ya zamani inakufa.

Wamoja katika sendika wataniambia: «Ukiachia watu watoke, unavunja nguvu yetu.» Ninawajibu: umoja ni muzuri, lakini hailipe minervale. Mutu wa miaka 35, fundi wa umeme ao mwenye kuendesha mashini mukubwa, kazi yake inatafutwa Kolwezi na Fungurume. Akienda, asisikie haya. Lakini asome kontra mupya. Za kampuni za kukodisha watu mara mingi iko na mwisho, na sheria haitaki ipite miaka 2. Kama anaacha kontra bila mwisho juu ya kontra yenye mwisho, mushara mupya inapaswa kulipa ile tofauti.

Mwenye iko na miaka 57, hesabu yake ni ingine. Pensheni inaanza ku miaka 60. Aende CNSS kwanza, aone kama makato yenye walikata ku mushara yake ilifika kule. Kwake yeye, mara mingi ni afazali kubakia na kudai kuliko kutoka na mukanda yake mwenyewe.

Na hii uamuzi haiko ya bwana peke yake. Wakati mushara ya Gécamines ilikosa, wamama njo walikamata nyumba, kwa kuuza unga, makala na mboga ya shamba. Mama anajua nyumba inakula franka ngapi. Mukae wote wawili, muandike vitu tatu: deni ya kampuni, franka ya kuishi kwa mwezi, na tarehe. Ndiyo, tarehe: «Kama kufika mwezi wa sita hakuna kitu, tunafanya hivi.» Mutu mwenye hana tarehe anabakia mpaka siku atakuta mulango ya kampuni imefungwa.

Kama wanakuletea karatasi ya kutoka kwa kupenda, usiisaini ile siku. Ipeleke ku nyumba, kisha kwa delege. Angalia kama preavisi, konje yenye hukukamata na mishahara ya nyuma iko ndani, kila moja na namba yake. Dekonti inapaswa kulipwa katika siku 2 za kazi kisha kazi kuisha. Daia pia cheti ya kazi: bila ile, miaka 20 yako nani ataiamini ku kampuni ingine?

Juma hii, tosha bulteni zako zote za mushara mu sanduku. Hesabu miezi yenye inakosa, kuanzia ile ya zamani zaidi. Andika mukanda kopi mbili, upeleke, na urudi na yako yenye sinyatire. Ile haikuombe kutoka, wala kubakia.