Mashine Ndogo na Ngoma Kubwa

Zamani mwimbaji aliyetaka sauti yake iwekwe katika sahani ya santuri alilazimika kuifuata mashine huko iliko. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay ili waimbe mbele ya mitambo ya His Master's Voice. Mwaka uliofuata Mwingereza mmoja kijana, Hugh Tracey, ambaye alikwenda Rhodesia ya Kusini (sasa ni Zimbabwe) kulima tumbaku pamoja na ndugu yake, aliwachukua vijana 14 wa Kikaranga akasafiri nao maili 500 hivi mpaka Johannesburg. Alikuwa amepata habari kwamba mafundi wa Columbia wamefika huko kutoka London.

Ubaya wa safari hizo haukuwa mwendo tu. Mwimbaji aliyesimama mbele ya mtambo katika mji wa kigeni alikuwa kama mti uliong'olewa: hana wanawake wa kumwitikia kwa vigelegele, hana wazee wa kumtazama kwa jicho kali akikosea. Tena upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu tu au zaidi kidogo. Ngoma inayoanza jua likizama na kwisha majogoo yakiwika ilikatwa kama kitambaa dukani, na aliyeinunua sahani akadhani kwamba hiyo ndiyo ngoma yenyewe.

Kilichogeuza mambo ni utepe. Mwaka 1935 Wajerumani walionyesha hadharani mjini Berlin mashine iitwayo Magnetophon, iliyonasa sauti juu ya utepe mwembamba uliopakwa unga wa chuma. Utepe huo uliweza kukatwa na kuungwa, na lililoharibika likafutwa na kunaswa upya. Baada ya vita ujuzi huo ulienea katika nchi nyingine. Mwaka 1951 Stefan Kudelski, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akiishi Uswisi, alitengeneza mashine ya kubebwa na mtu mmoja. Mota yake ilitiwa nguvu kwa kukazwa ufunguo kama saa ya ukutani, nayo akaiita Nagra, neno ambalo kwa lugha ya kwao maana yake ni kwamba itanasa. Basi tangu hapo mashine ndiyo iliyomfuata mwimbaji.

Bwana Tracey hakungoja hata hiyo. Mwaka 1950 alipita Kenya na gari lililobeba mitambo yake, akafika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Desturi yake ilikuwa kuishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa ala, kisha kwa waitikiaji, jinsi mpiga picha anavyochagua lipi lionekane na lipi libaki nyuma. Huko Kapkatet alinasa nyimbo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Wanaume waliimba mbili, na ya tatu ikaimbwa na wasichana kwa kinubi, kiongozi wao akiwa Chemutoi Ketienya.

Chemirocha huyo ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyepiga gitaa na kufariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika mpaka Kericho, na watu wakalitamka jina lake kwa namna iliyowakaa vizuri kinywani. Wasichana wale wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa, wakamhimiza acheze na kurukaruka mpaka nguo zimtoke. Mtu aweza kucheka, lakini na atazame vema: sauti ya Mmarekani ilinaswa ikaletwa kwa Wakipsigis, wao wakaigeuza ikawa yao, kisha sauti yao nayo ikanaswa ikachukuliwa. Katika biashara hiyo hapakuwa na mjinga.

Lakini ilichukuliwa wapi? Hapo ndipo penye uzito. Mwaka 1954 Bwana Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Roodepoort, karibu na Johannesburg, na baada ya kufa kwake mwaka 1977 maktaba hiyo ilihamia katika Chuo Kikuu cha Rhodes, ambako ipo hata leo. Kazi yake ni hazina kubwa. Mfululizo mmoja tu wa santuri zake una sahani 210. Bila yeye nyimbo nyingi zingalizikwa pamoja na walioziimba, na si haki kumnyima shukrani hiyo. Hata hivyo wimbo wa wasichana wa Kapkatet ulisikilizwa Ulaya na Marekani miaka mingi, huku Kapkatet penyewe hapana aliyekuwa na nakala. Ilikuwa mwaka 2014 ndipo maktaba hiyo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na wenzao wa mradi wa Singing Wells, ilipoanza kuzirudisha sauti zile nyumbani. Wazee waliokuwapo siku ile ya mwaka 1950 walikutwa wangali hai wachache, nao walisikia tena ujana wao. Miaka 64 ni mingi mno kumngojesha mtu sauti yake.

Leo karani au mkulima hahitaji gari wala mtambo wa umeme. Kinasa sauti kidogo kinaingia mfukoni, na simu ya mkononi nayo inafaa kwa kiasi. Kwa kuwa kazi imekuwa rahisi, inafanywa ovyo. Wengi humsogelea mpiga ngoma mpaka mashine ikabweka kama mbwa. Kumbe sauti ikipita kiasi hukatika vichwa, na hapana fundi wa kuirudisha. Afadhali kuweka kipimo chini, hasa kwa kuwa ngoma hupigwa kwa nguvu zaidi wachezaji wakishapata moto kuliko ilivyopigwa wakati wa kujaribu. Mahali pazuri ni pale wanaposimama wasikilizaji wenyewe, hatua chache mbele ya waimbaji, ngoma kubwa zikiwa nyuma yao. Upepo ni adui mbaya kuliko kelele za watoto. Sponji au kitambaa cha sufi juu ya maikrofoni huupunguza, ijapokuwa upepo wa alasiri katika nchi za juu haushindwi kabisa. Mashine isiwekwe juu ya meza ambayo watu wanaiegemea, wala isishikwe kwa mkono unaocheza ngoma.

Kabla ya wimbo, mwenye kunasa na aseme kwa sauti yake mahali, tarehe, lugha na majina ya waimbaji. Yapo masanduku ya tepu za zamani yasiyo na majina, na mwenye kuyafungua husikia mwanamke akiimba vizuri sana asijue ni mama wa nani. Kisha, ngoma ikiisha, asizime upesi. Aache dakika moja ya mahali penyewe: jogoo, mvua juu ya mabati, ng'ombe wakirudi. Ludwig Koch alikuwa mtoto tu huko Ujerumani mwaka 1889 aliponasa ndege wake akiimba, na sauti ya ndege yule husikika hata sasa, muda mrefu baada ya tundu lake kuoza.

Jambo la ruhusa lisisahauliwe. Zipo nyimbo za jando na za matanga ambazo wenyewe hawapendi zitoke uani, na mwenye kunasa kwa siri ni mwizi hata kama hakuchukua kitu kinachoshikika. Aulize kwanza. Akikubaliwa, nakala ya kwanza iwe ya mwimbaji, na aipate siku ile ile kabla ya watu kutawanyika. Ya pili iwekwe mahali pengine mbali na simu, kwa maana simu huanguka majini.